Utosi wa Sperancia

Wifi yangu Sperancia ana upara. Natanguliza hilo kwa sababu sisi wa nyumbani tulilijua mwishoni kabisa, na kuchelewa kwetu nusura kutugharimu mtoto. Upara wenyewe ni wa mviringo, uko utosini, upana wake kisahani cha chai. Kandokando nywele zimejaa, nyeusi, na ukimwona Jumapili amejifunga kilemba anakwenda kanisani huwezi kudhani lolote. Mimi nimeishi naye ua mmoja miaka kadhaa na sikudhani.

Na mimi si mtu wa kupitwa. Naitwa Xaveria, dada wa mumewe. Niliolewa Rugu na mwenye duka, mambo yakaenda yalivyokwenda, nikarudi kwetu Isingiro na begi moja na ulimi wangu. Wananisema kwamba mwanamke aliyerudi kwao huona kila kitu kwa kuwa hana chake cha kutazama, na kwa kawaida hawakosei. Hili la utosi lilinipita. Habari zote za dawa nitakazosimulia Sperancia alinieleza baadaye, tukimenya ndizi, kwa ile sauti yake ya mtu aliyechoka hata kulalamika.

Kibanja chetu, shamba la migomba lenye nyumba yetu, kinateremka bondeni. Barabara ambako lori la ndizi husimama iko juu, ng'ambo ya kilima, na njia ya kufika huko ni ya mawe na makorongo. Baiskeli haipandi, na bodaboda wa hapa wakiiona hukumbuka kwamba wana safari nyingine. Kwa hiyo mikungu ya mama yangu hupandishwa kwa kichwa. Mama yangu ni Kokuhirwa, mjane, kibanja ni chake, na kila mgomba anaujua kwa umri. Siku za lori husimama pale mwisho wa migomba na fimbo yake, akichagua mkungu gani ukatwe. Aliyeibeba mikungu hiyo, tangu siku alipomaliza fungate yake, ni Sperancia. Anachukua ngata, ile ya majani makavu ya mgomba yaliyosukwa duara, anaiweka kichwani, anapiga goti, anatwishwa, anasimama. Mama humtazama akipanda kilima na kusema, "Huyu ana shingo." Kwa mama yangu hiyo ni sifa kubwa. Mimi sijawahi kupewa.

Nywele zilianza kumtoka taratibu, miaka mingi nyuma, na yeye akazidisha vilemba. Alipomzaa huyu wa tatu, Ainebyona, zikatoka kwa wingi. Akichana, chanuo linajaa. Akijipapasa utosini anakuta ngozi tupu, laini.

Mtu wa mahali pengine atauliza, upara tu, kwani kitu gani? Mwambie aje Kagera aulize watu wa rika letu. Sisi tulikuwa watoto wakati ule ugonjwa ulipopita nyumba kwa nyumba. Hakukuwa na dawa, vipimo vilikuwa mbali, na watu walisomana kwa macho: huyu amekonda, huyu ana kikohozi, huyu nywele zimekuwa nyepesi, zinanyonyoka. Mama yake Sperancia alikufa wakati huo, kule kwao, na Sperancia mdogo ndiye aliyekuwa akiokota nywele za mama yake kwenye mto kila asubuhi ili wageni wasizione. Mama yangu naye alizika watoto wawili, kaka yangu na dada yangu. Nywele za dada yangu nazikumbuka, na sitaki kuzieleza.

Sperancia amepimwa kila mimba, majibu safi. Lakini majibu ya zahanati hayavaliwi kichwani. Alijua kwamba siku kilemba kikidondoka mbele ya mama mkwe, mama huyo hatauliza karatasi. Kwa hiyo alichoogopa si ubaya wa sura. Aliogopa kutazamwa jinsi mama yake alivyotazamwa.

Siku moja akaniachia mtoto, akasema anakwenda Kayanga kumpelekea mumewe nguo. Mumewe ni kaka yangu Mutalemwa, fundi wa kujenga, analala huko kwenye kazi na kurudi Jumamosi. Nguo alipeleka kweli. Kisha akaingia duka la dawa.

Muuzaji anaitwa Melkiory, kijana mpole mwenye macho ya kukosa usingizi. Alimkuta akila karanga. Sperancia akasubiri wateja waishe, akasogea, akanong'ona shida yake bila kufungua kilemba. Melkiory akafuta mikono, akaleta vitu viwili akaviweka mezani.

"Dawa ni moja, mama," akasema. "Hii ni ya maji, ina kidude chake cha kudondoshea. Hii ya kopo ni povu. Ukiuliza nguvu, nguvu yake ni ileile. Tofauti ni tabia."

"Tabia gani?"

"Ya maji inachelewa kukauka. Inateleza, inashuka shingoni, inashuka usoni, na ikikaa pale nywele zinaweza kuota pale. Wengine inawawasha. Povu linakaa ulipoliweka, linakauka upesi. Ila ulipake upesi pia, maana likikaa kwenye vidole vya moto linayeyuka."

"Na nikiacha?"

"Ukiacha, zilizoota zinatoka. Hii si dawa ya kumaliza, mama. Ni dawa ya kukaa nayo."

Sperancia alinieleza kwamba neno hilo lilimchosha kuliko kilima. Akalishika kopo la povu. Lilikuwa zuri, jepesi, lina picha ya kichwa cha mtu. Akamwomba amwonyeshe linavyotoka. Melkiory akabonyeza kidogo, likafoka, *fwaaa*, povu jeupe likakaa kidoleni.

Ile sauti ndiyo iliyoamua. Nyumba yetu haina dari. Kuta zinaishia chini ya mabati na juu ni wazi, chumba hadi chumba. Mama akigeuka kitandani kwake mimi nasikia kwangu, na Sperancia akimwambia mtoto nyamaza, sote tunanyamaza. Kitu kinachofoka kila asubuhi na kila usiku katika nyumba ile kingehojiwa kabla ya wiki kwisha. Halafu ile picha ya kichwa. Chupa ya maji haina sauti, na kilichomo unaweza kukimimina kwenye chupa ya glisarini, ukaiweka dirishani mchana kweupe, na hakuna atakayeuliza kwa nini mwanamke ana glisarini.

"Nipe ya maji," akasema.

Melkiory akaanza kufunga, kisha akasimamisha mkono. "Una mimba? Unanyonyesha?"

"Hapana," akasema Sperancia, na maziwa yalikuwa yameanza kumvuja, maana ilikuwa saa ya mtoto kunyonya.

Basi akawa anajipaka. Usiku akishalaza watoto anadondoshea utosini, anasugua, anajifunga kitenge chake cha zambarau ili mto usilowe. Alfajiri anadondoshea tena, anajifunga kilekile, anachota maji, anapalilia, anainama, jasho na dawa vinashuka pamoja. Jua likipanda anakifungua kile kitenge, anajifunga kilemba cha mchana, na kitenge cha zambarau kinakuwa mbeleko. Vitenge vingine anavyo. Kile kilikuwa laini kuliko vyote, kimefuliwa mpaka kimekuwa pamba, na Ainebyona hakulala katika kingine. Alikuwa akilaza shavu la kulia kwenye mgongo wa mama yake, kitenge kimemfunika mpaka kwenye paji, anasinzia hivyo mpaka mchana.

Dawa ilifanya kazi, tusiikosee haki. Kwanza nywele zilizidi kutoka, akalia. Kisha siku moja akajipapasa akakuta kitu, vinyweleo laini, vya kifaranga. Alisema alikaa chooni na kioo kidogo mpaka miguu ikafa ganzi.

Mama ndiye aliyemwona mtoto kwanza. Alikuwa akimwogesha kwenye beseni uani, nami napepeta maharage. Akamgeuza mtoto kwenye mwanga. "Xaveria," akaita, "njoo unitazamie, macho yangu yamezeeka." Nikaja. Mtoto alikuwa na nywele kwenye paji la uso mpaka karibu na nyusi. Shavu la kulia lilikuwa na nywele, nyembamba, nyeusi, zimelala upande mmoja. Mabegani vilevile. Akatucheka, meno yake mawili, akapiga maji.

"Mawe, mama yangu," nikasema, "watoto wengine huzaliwa na nywele za malaika."

"Huyu hakuzaliwa nazo. Nimemwogesha tangu kitovu hakijakatika."

Sasa hapa yabidi nieleze. Kila ukoo kwetu una muziro wake, kiumbe ambacho hamli, hamuui, hamkitendei ubaya, na mkikitendea chenyewe hujua pa kulipizia. Wa kwetu ni nkende, tumbili. Padri huwa anacheka akisikia, na sisi tunacheka naye, kisha tunarudi nyumbani na nkende hatumgusi. Msimu wa mahindi, Sperancia akiwa na mimba ya Ainebyona, nkende walishuka shambani wakavunja mistari miwili. Alikuwa peke yake, mimba imemlemea. Akaokota jiwe akarusha. Kwa bahati mbaya yake akalenga shabaha. Nkende mmoja akaanguka, akajikokota msituni akilia. Sperancia alikuja kusimulia mwenyewe, na mama hakusema kitu siku ile. Alihesabu tu kimoyomoyo, nadhani, na kuweka akiba.

Akiba hiyo sasa ikatoka. Mtoto anaota manyoya usoni, katika ukoo wa nkende, mama yake alimpiga nkende akiwa na mimba yake. Ungekuwa wewe ungefikiri nini? Mimi nimesoma mpaka kidato cha nne, nasali, na jioni ile nilijikuta natazama juu ya miti.

Sperancia alimpeleka zahanati. Muuguzi akamgeuza mtoto huku na huku, akauliza kama kwenye ukoo kuna watu wenye nywele nyingi, akasema hajaona kitu hiki, waende hospitali kubwa wakaonane na daktari. Mutalemwa akasema tusubiri amalize ile nyumba anayojenga. Kaka yangu ni mtu mwema ambaye kila jambo lake hungoja nyumba ya mtu mwingine iishe. Wakati tunasubiri, mama akampigia simu baba mkubwa Rwegoshora, kule Rugera, na baba mkubwa akasema yuko bibi mmoja wa ukoo anayejua kuombea radhi mambo ya muziro. Mtoto aachishwe ziwa, apelekwe kwa huyo bibi, akae huko bila mama yake mpaka manyoya yatoke. Mama yake asikanyage, kwa kuwa mkono uliorusha jiwe ni wake. Ikapangwa Jumapili, baada ya misa.

Sperancia aliposikia hakulia. Aliendelea kuchagua mchele. Nikamchukia kidogo siku ile kwa utulivu wake. Sikujua kwamba alikuwa ameshaelewa.

Aliona kwenye kile kioo chake cha chooni. Alikuwa akitafuta vinyweleo vya utosini, akaona vya pembeni mwa uso, chini ya masikio, mahali ambapo hakuwa na nywele maisha yake yote. Vyembamba, vyeusi, vimelala upande mmoja. Akakumbuka maneno ya Melkiory, kwamba inateleza. Akakitazama kitenge cha zambarau kilichokuwa begani mwake. Akakinusa. Kisha akamtoa mtoto mgongoni, akamlaza kwenye kitenge kilekile jinsi anavyolala, na shavu lenye nywele likalala penye doa la dawa.

Hapo mtu angekimbilia kusema. Alichokimbilia yeye ni Kayanga, safari hii na mtoto mgongoni, amefungwa shuka.

Melkiory alimtazama mtoto muda mrefu. "Mama," akasema, "si nilikuuliza kama unanyonyesha?"

"Uliniuliza."

"Ukaniambia hapana."

"Nilikwambia hapana."

Hakumgombeza, na Sperancia anasema afadhali angemgombeza. Alimwambia aache dawa leo hii, afue kila kitambaa kilichoigusa, na mtoto amwone daktari asikilizwe moyo, kwa sababu dawa hii si ya kuchezea kwa mtoto. Nywele zitatoka zenyewe, lakini polepole, itachukua miezi. Kumnyoa si lazima.

Akamshukuru. Akafika mlangoni, akarudi.

"Basi nipe povu," akasema. "Si ulisema linakaa ulipoliweka? Nitajifunga kitambaa kingine. Nitalala mbali naye."

Anasema alijisikia akiomba kama mlevi. Alikuwa na mtoto mwenye manyoya mgongoni, ukoo unamngoja Jumapili, na bado vile vinyweleo vya kifaranga vilimuuma kuviacha vife. Nilimwelewa aliponieleza. Ukiwa umefanya kazi miaka mingi hujapata kitu chako, ukakipata hata kidogo cha kijinga, mkono haufunguki.

"Si maji si povu," akasema Melkiory. "Mpaka amalize kunyonya. Nenda nyumbani, mama, uwaambie."

Akarudi na hakutuambia. Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi. Alimpeleka mtoto kwa daktari, moyo ukasikilizwa, ukawa mzima. Akatuambia ilikuwa sindano ya kliniki. Alijua vizuri alichotakiwa kuchagua. Akisema habari ya dawa, ataulizwa dawa ya nini, na atatakiwa kuonyesha. Akionyesha, nyumba nzima itamsoma. Asiposema, mtoto atakwenda Rugera. Na fikiria: nywele zile zingetoka zenyewe kulekule Rugera, kila mtu angesema bibi ameziombea, muziro umeridhika, na Sperancia angebaki maisha yake yote kuwa mkono uliorusha jiwe. Mtoto angerudi, lakini angerudi wa mama yangu. Mficha maradhi, wamesema wahenga, kifo humuumbua. Hawakusema huwaumbua na walio mgongoni mwake.

Jumapili baba mkubwa alifika na bodaboda, akamwambia kijana wa pikipiki asubiri. Akakaa kwenye sofa penye vitambaa vya kufuma, akapewa lubisi, pombe yetu ya ndizi, akanywa, akajifuta. Rwegoshora si mtu mbaya. Ni mzee anayependa jambo liishe kabla ya mvua. Mutalemwa alikaa karibu na mlango akitazama viatu vyake. Mama alikuwa tayari amemfunga mtoto kwenye shuka jipya, amemvika kofia ya sufi mpaka machoni, mfuko wa nguo zake miguuni.

"Shikamoo, baba mkubwa," Sperancia akapiga goti.

"Marahaba, mke wetu. Usiwe na moyo mzito. Mtoto anakwenda kwao."

"Waitu, baba mkubwa, naomba niseme kabla hajaenda."

"Sema, lakini pikipiki inasubiri."

Sperancia akainuka. Nilidhani atasema habari ya jiwe, aombe radhi, ayamalize. Akapeleka mikono nyuma ya shingo, akafungua kilemba. Akakikunja mara mbili, vizuri, akakiweka juu ya mfuko wa nguo za mtoto. Kisha akainamisha kichwa, akatuelekezea utosi.

Baba mkubwa akageuza uso upesi, akatazama ukutani kwenye kalenda. Mwanamke wa mtoto wake kuvua kichwa mbele yake! Mutalemwa akanyanyua macho kutoka kwenye viatu, na nikaona kwamba hata yeye hakuwahi kuona. Nami, mtu wa kuona kila kitu, nilisimama na kikombe mkononi.

"Nywele za mtoto ni dawa yangu," Sperancia alisema akitazama sakafu. "Nilinunua dawa ya kuotesha hizi. Nilijipaka, ikaingia kwenye kitenge, nami kitenge hicho ndicho nilichombebea. Mwenye duka aliniuliza kama nanyonyesha, nikamdanganya. Si nkende. Ni mimi. Nimeacha, na zitatoka zenyewe. Daktari amemtazama, ni mzima. Mkimchukua, mchukueni mkijua hivyo."

Nje yule kijana wa pikipiki alipiga honi mara moja. Nilikuwa namtazama mama yangu, kwa sababu nilijua anachokiona: nywele za binti yake aliyemzika. Akamkabidhi Mutalemwa mtoto, akaegemea fimbo, akainuka. Akamwendea Sperancia taratibu mpaka akasimama juu ya kile kichwa kilichoinama.

Akaweka vidole. Akapapasa katikati, kisha akafuata ukingo wa ule upara, akauzunguka mpaka akarudi alipoanzia. Akauzunguka tena.

"Xaveria," akasema. "Niletee ngata."

"Ngata, mama?"

"Iko nyuma ya mlango wa jikoni. Lete."

Nikaileta. Ilikuwa ngumu, imeng'aa kwa jasho na mafuta ya kichwa. Mama akaipokea kwa mikono miwili, akamwekea Sperancia utosini, akaizungusha kidogo, ikakaa. Ilifunika upara wote. Hakukuwa na ngozi iliyobaki nje wala unywele uliobanwa ndani. Mama akaitazama, midomo ikimcheza.

"Huu si ugonjwa," akasema. "Hizi ni ndizi zangu."

Akamchukua mtoto kutoka kwa Mutalemwa, akamvua ile kofia, akampa mama yake. Sperancia akakaa chini palepale sakafuni, ngata bado kichwani, akafungua blauzi, akamnyonyesha mbele ya baba mkubwa na kalenda yake. Alikuwa akilia, na mama alisimama karibu naye ameshika fimbo, na hakwenda kukaa mpaka mtoto aliposhiba. Pikipiki ilimrudisha Rwegoshora peke yake, kabla ya mvua.

Nywele za Ainebyona zilitoka polepole, kama alivyosema Melkiory. Tulipoanua kahawa ya mwisho shavu lilikuwa safi. Vinyweleo vya utosini mwa mama yake vilitoka navyo. Anasema mtoto akiachishwa ziwa atakwenda kuchukua povu, sasa hakuna wa kumficha ile sauti. Husema hivyo kisha anapiga mwayo, na sijui kama atakwenda.

Mama alimwagiza Mutalemwa atafute watu wa kuchonga ile njia ili baiskeli ipande. Mutalemwa amekubali, na kuna nyumba anayoimalizia kwanza. Sperancia hajatwishwa mkungu tena, mama amekataza. Lakini lori halijaacha kuja na ndizi hazijaacha kukomaa, na katika ua ule mwenye shingo aliyebaki ni mmoja. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Sasa najua kwa nini wifi yangu alikuwa akirudi kutoka barabarani hana la kusema.

Mama husimama mwisho wa migomba akinitazama nikipanda na mkungu kichwani. Juzi alisema, "Kumbe na wewe unayo shingo." Jioni ile nilifungua kilemba changu, nikajipapasa utosini, kisha nikaenda jikoni kumuuliza Sperancia ile chupa ya glisarini aliiweka wapi.

"Niliimwaga chooni," akasema, akanisogezea kisu na nusu ya ndizi za kumenya.